Sifuri kwa Kosa la Kusoma

Wiki tatu zilizopita niliketi katika kikao cha watu watano, katika chuo kimoja hapa Moshi, kujadili kurasa kumi na mbili. Kurasa hizo ziliandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika kozi ya uhakiki wa riwaya. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi kulielewa: chagua riwaya moja ya mapenzi, ya lugha unayoimudu, kisha uihakiki. Wenzake wengi walichukua riwaya pendwa za Kiswahili. Wengine wakachukua za Kiingereza, zile zinazouzwa kwenye meza za mitumba karibu na stendi. Yeye alichukua Red, White & Royal Blue ya Casey McQuiston, iliyotoka Marekani mwaka 2019. Wapenzi wa riwaya hiyo ni mtoto wa rais wa Marekani na mwanamfalme wa Uingereza, na wote wawili ni wanaume.

Msahihishaji alimpa sifuri. Si kwamba alisahihisha akakuta makosa. Kurasa kumi na mbili zilirudi safi kama zilivyokwenda, isipokuwa juu ya ukurasa wa kwanza palipoandikwa kwa wino mwekundu neno moja: "Haifai." Kijana akakata rufaa, ndipo tukaitwa.

Niseme mapema jambo linalonisukuma kuandika leo. Katika kikao kile nilinyamaza. Nina shahada ya uzamivu, nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, nimeandika kuhusu uhuru wa mwandishi makala ambazo baadhi yenu mmezisoma papa hapa, na ilipofika zamu yangu nilisema kwamba "suala hili linahitaji kutafakariwa kwa kina." Mnaifahamu sentensi hiyo, hasa ninyi mlio katika utumishi wa umma. Ndiyo tunayoitumia tunapotaka kutoka chumbani bila doa na mshahara wetu mkononi.

Hakuna aliyeuliza kama hoja za kijana zilishikamana. Tuliulizana kitabu kakitoa wapi. Nani kampa? Kwa nini kachagua hiki, wakati vitabu vimejaa? Mmoja wetu, mtu mpole ambaye simtilii shaka moyo wake, alipendekeza apelekwe kwa mshauri nasaha "kabla hali haijawa mbaya." Hali gani? Nilitazama dirishani. Mlima ulikuwa umejifunika, kama kawaida yake wakati wa masika, na sikupata msaada huko pia.

Ninalotaka mlijue kwanza, ndugu wasomaji, ni kwamba tahakiki ile haikukisifu kitabu. Niliisoma usiku ule ule nyumbani, nikaona haya zaidi. Mwanafunzi aliandika kwamba riwaya hiyo inauchanganya utajiri na ujasiri. Kwamba kila kikwazo kinachowakabili wapenzi wale huondolewa na mtu mwenye ofisi kubwa kuliko kikwazo chenyewe, mara nyingi mama aliye rais. Kwamba ni riwaya ya majumba makubwa ambamo mwosha vyombo haonekani. Wapenzi hao huandikiana baruapepe, na ndani yake hunukuu barua za mapenzi za watu mashuhuri wa kale. Kijana alibainisha, kwa ukatili wa haki unaowapata vijana wanaoanza kusoma kwa makini, kwamba maneno yaliyoazimwa ni mazuri kuliko ya mwandishi mwenyewe. Kisha akafika mahali ambapo baruapepe hizo zinavuja hadharani. Katika riwaya, kinachofuata ni kampeni za uchaguzi, na mama anashinda. Mwanafunzi wangu aliandika kwamba kwetu barua hizo zingekuwa kielelezo mahakamani, na kwamba msomaji wa Tanzania hawezi kuusoma ukurasa ule kama anavyousoma wa Texas. Kisha akauliza kama kitabu kinachoweza kusahau jela kabisa kinazungumzia mapenzi yale yale anayoyajua msomaji wa hapa, au kinazungumzia likizo.

Huo ni uhakiki. Nimesoma tasnifu za uzamili zisizo na sentensi moja kama hiyo. Na tuliipa sifuri.

Hoja iliyotolewa kikaoni ilikuwa sheria, kwa hiyo tuanze na sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kujamiiana "kinyume na maumbile" kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Makali hayo yaliongezwa na Bunge mwaka 1998, kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Someni kifungu hicho neno kwa neno. Kinaadhibu tendo. Hakimtaji msomaji wala mhakiki, na hakimtaji mwalimu anayesahihisha kazi ya mhakiki. Kanuni hiyo hiyo inaadhibu mauaji, wizi wa kutumia silaha na uhaini, lakini sijapata kusikia msomaji wa Elvis Musiba akihojiwa kwa tuhuma za ujasusi kwa kuwa amemfuata Willy Gamba hadi ukurasa wa mwisho. Tunajua vizuri sana tofauti ya kusoma na kutenda. Tunaisahau kwa makusudi pale tu tunapoogopa majirani.

Na kifungu chenyewe kimetoka wapi? Wapo wanaokitetea kwa jina la mila za Kiafrika, nami ningependa wanionyeshe mzee yupi wa Marangu, wa Machame au wa Usambara alikiandika. Kililetwa Tanganyika na utawala wa Mwingereza, pamoja na kanuni nyingine za adhabu alizozisambaza katika makoloni yake. Huko kwake, sheria za namna hiyo ndizo zilizomfanya E. M. Forster aandike riwaya mwaka 1913 na 1914, kisha aifungie mswada kwa zaidi ya nusu karne. Riwaya hiyo ni Maurice. Forster alifariki mwaka 1970, na kitabu kikachapishwa mwaka 1971, miaka minne baada ya Uingereza kuilegeza sheria yake mwaka 1967. Kwa ufupi, mwenye sheria ameitupa. Sisi tuliopewa tumeinoa na kuiita urithi wa babu.

Ningependa kukaa kidogo na Maurice, kwa sababu ndicho kitabu ambacho ningempa kijana yule kama angeniuliza. Maurice Hall ni mtu wa kawaida mno. Hana akili nyingi, si mshairi, anafanya kazi ya fedha katika jiji la London. Anapendana na Clive Durham wakiwa wanafunzi wa Cambridge. Clive ndiye msomi, mwenye maneno ya Kigiriki kuhusu upendo wa juu usiogusa mwili. Na ni Clive huyo huyo anayegeuka, anaoa, anaingia katika siasa, na kuanza kumtazama mwenzake kama mgonjwa anayestahili huruma. Maurice anatafuta dawa. Anakwenda kwa tabibu anayewatia watu usingizi wa kuamrishwa ili aponywe. Haponi. Anayempokea mwishowe ni Alec Scudder, kijana mlinzi wa mawindo katika shamba la akina Clive, mtu wa tabaka la chini ambaye katika riwaya nyingine ya zama zile angepita na bunduki begani na kusahauliwa. Wanaondoka pamoja. Forster mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwisho huo wa furaha ndio uliokifanya kitabu kisichapishike. Lau angemnyonga mmoja wao, au kuwaua wote wawili, pasingekuwa na tatizo.

Tafakarini jambo hilo, ninyi mnaofundisha fasihi. Jamii iliyowaadhibu watu hao haikuchukizwa na kuwaona kitabuni. Ilichukizwa na kuwaona wakiishi hadi ukurasa wa mwisho. Na hapa ndipo riwaya ya mapenzi, hii tunayoidharau katika idara zetu kwa kuiita "pendwa" huku midomo imepinda, inapokuwa na uzito ambao riwaya nyingi za dhati hazina. Kanuni yake ni moja tu: wapendanao wapate njia. Mwandishi wa riwaya ya mapenzi akiishika kanuni hiyo kwa wapenzi ambao dola imewaandalia miaka 30, tayari amesema jambo, hata kama sentensi zake ni za sukari tupu. Kijana wetu aliligusa hilo katika ukurasa wa tisa, kisha akalikimbia. Nadhani alituogopa.

Mwaka huo huo wa 1971, kwa bahati ambayo sijamaliza kuistaajabia, kilitoka kitabu kingine huku kwetu: Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe. Hakina mapenzi ya jinsia moja. Kina binti aliyelelewa kwa kiboko na baba yake Zakaria, asiyeruhusiwa hata kuandikiwa barua na mvulana, ambaye akifika shuleni hajui namna ya kusema hapana wala namna ya kusema ndiyo, na anaangamia. Kina walimu wanaowataka wanafunzi wao. Kilipigwa marufuku katika shule zetu kwa kuwa kingeharibu vijana. Leo kinafundishwa, na Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, tunamtaja kwa heshima kubwa kwenye makongamano. Nimemsikia mtu aliyehudhuria kikao chetu akimtaja hivyo. Waliokifungia hawakuwa wajinga. Walikuwa walimu na maofisa wenye nia njema, wazazi kama sisi. Walikosea tu kudhani kwamba jambo lisiloandikwa halitokei.

Kosa hilo halijatuacha. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilitangaza kupiga marufuku vitabu kadhaa shuleni kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na malezi ya Mtanzania. Waziri aliyetangaza ni Profesa Adolf Mkenda, mbunge wa Rombo, jirani yetu wa mlimani na msomi mwenzetu; simsemi kwa dharau. Miongoni mwa vitabu vilivyotajwa ulikuwamo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney. Nimevisoma viwili, kwa sababu mwanangu anavyo. Katika hivyo viwili nimemkuta Greg Heffley, mvulana mvivu, mwoga, mwenye kumwonea rafiki yake Rowley na kuchora katuni. Sikumkuta mtu akimpenda mtu. Ninakubali kabisa kwamba serikali ina wajibu wa kuchagua watoto wa darasa la nne wasome nini; mimi pia nisingempa mtoto wa miaka 10 riwaya ya McQuiston, kama nisivyompa za Hammie Rajab. Lakini mwenye mamlaka ya kukataza kitabu ana deni la kukisoma na kutueleza ni ukurasa gani uliomkera. Tahakiki ya namna hiyo ningeisoma kwa hamu. Ningeweza hata kushawishika.

Watu wazima wa mwaka wa tatu si darasa la nne. Hili nalo lilihitaji kusemwa kikaoni, wala sikulisema.

Sasa tumtazame huyu tunayemshangilia. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Nobeli ya Fasihi. Nchi nzima ilijipongeza, viongozi wakatuma salamu, na sisi wa vyuoni tukaandaa makongamano. Wangapi tulimsoma? Mwaka 2022 riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza hakipo tena. Sehemu nzuri ya riwaya hiyo inatokea katika mji mdogo chini ya mlima mkubwa, na msomaji wa Moshi haambiwi huo ni mlima gani. Humo yumo mnyapara wa msafara, Mohammed Abdalla, ambaye tamaa yake kwa vijana wa kiume inajulikana kwa kila mpagazi, na kijana Yusuf anaonywa ajihadhari naye. Katika By the Sea ya mwaka 2001, mfanyabiashara anayeitwa Hussein anakuja na pepo za musimu, anapanga katika nyumba ya watu, na kijana wa nyumba hiyo, Hassan, anaondoka naye. Familia inabaki na aibu, mji unabaki na maneno. Katika Afterlives ya mwaka 2020, afisa wa Kijerumani anamchukua askari Hamza kuwa mtumishi wake, anamfundisha Kijerumani, na wenzake kambini wanasema wanayoyasema.

Nimekaa katika makongamano manne kuhusu Gurnah. Tumezungumza ukoloni, uhamiaji, kumbukumbu, Bahari ya Hindi. Hassan hakutajwa hata mara moja. Mtu anaweza kuandika tasnifu nzima juu ya By the Sea na kumruka kaka ambaye kuondoka kwake ndiko kulikovunja nyumba. Hiyo ndiyo hali ya uhakiki wetu: tumejifunza kusoma tukiwa tumefumba jicho moja, tukauita ulemavu huo maadili.

Na kama tungethubutu kusoma kwa macho mawili, tungegundua jambo ambalo wala halimpendezi mwanaharakati. Katika kazi hizo za Gurnah mwanamume anayemtaka mwanamume ni, karibu kila mara, mtu mwenye nguvu anayemtaka asiye na nguvu: mnyapara na mpagazi, tajiri na mtoto wa mwenye nyumba, afisa na askari. Mapenzi ya watu wawili walio sawa, kama yale ya Maurice na Alec wanaopigania usawa wao hadi wanaupata, sikumbuki kuyaona. Je, ni kwa sababu ulimwengu ule wa utumwa na madeni haukuyaruhusu? Au ni kwa sababu mwandishi, kama sisi, anajua kuyaona mahusiano hayo pale tu yanapoumiza? Swali kubwa, la kujaza semina muhula mzima. Hatuwezi kuliuliza, kwa sababu anayeliuliza ataulizwa kakitoa wapi kitabu.

Hapa naomba wanaharakati wanivumilie, maana nina neno nao. Baada ya kikao, mmoja wao alinipigia simu, amesikia. Alitaka jina la mwanafunzi ili "apewe jukwaa." Nikamweleza kwamba tahakiki ilikikosoa kitabu. Kimya. Kisha akaniuliza kama kweli huu ni wakati mwafaka wa kukosoa riwaya kama hiyo. Ndugu yangu, huo ndio wakati wenyewe! Msahihishaji alitoa sifuri kwa sababu ya kitabu kilichosomwa. Wewe ungetoa mia kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili hamkufika ukurasa wa pili. Riwaya ya wapenzi wanaume ikiwa mbovu ni mbovu, na mpenzi wa jinsia moja aliyeko Pasua au Majengo anastahili riwaya nzuri kama anavyostahili mtu mwingine yeyote. Jina sikumpa.

Lipo pia tatizo la lugha, ambalo ni la kwetu sisi peke yetu. Mwanafunzi aliandika kwa Kiswahili, na katika kurasa kumi na mbili alihangaika kuwaita watu wake. Kiswahili hakina uhaba wa maneno. Shoga, basha, hanithi, msenge, msagaji: maneno hayo ni ya zamani kuliko vyombo vya habari vinavyodaiwa kutuletea mambo haya, na lugha haitungi jina la kitu ambacho haijakiona. Lakini yote, au karibu yote, ni maneno ya kumtupia mtu, si ya kumsimulia. Shoga lenyewe lina historia tamu. Kwa wanawake wa pwani ni rafiki wa ndani, mwandani wa siri. Mwanamke wa Tanga humwita mwenzake shoga mchana kweupe. Likipanda treni kuja huku bara linafika likiwa tusi tu. Mwanafunzi mwishowe aliwaita wahusika wake "wapenzi," na katika ukurasa mzima wa utangulizi akaeleza kwa nini. Nilipousoma nilikumbuka kwamba mimi, katika mihadhara yangu, husema "mahusiano yale" na kupunga mkono hewani.

Wanaosema mlima huu haukuzungumza mambo ya mwili hawajausoma mlima. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi kwa Wachaga tangu mwanzoni mwa karne iliyopita hadi 1938, aliandika juzuu tatu nene za mafundisho waliyopewa vijana wakati wa jando na unyago. Wazee walifundisha miili kwa urefu, kwa nyimbo na kwa mafumbo ya fimbo zilizochorwa. Wanaume walikuwa hata na hadithi yao rasmi, waliyoilinda dhidi ya wanawake, kwamba mwanamume aliyetahiriwa huzibwa nyuma na haendi tena haja kubwa. Wanawake walijua ni uongo, na katika mafundisho yao walifundishana namna ya kujifanya hawajui. Jamii nzima ilikubaliana kuishi na riwaya kuhusu mwili wa mwanamume! Sidai kwamba wazee hao wangekipenda kitabu cha McQuiston. Yamkini wangecheka wakakitupa. Nadai kwamba haya tunayoyaita mila kikaoni, yaani kunyamaza, kukunja uso na kumpeleka kijana kwa mshauri nasaha, ni mambo ya shule ya bweni, si ya kihamba.

Kihambani penyewe mnajua kulivyo. Kila Desemba tunapanda nyumbani, mabasi yamejaa, na karibu kila ukoo una mjomba mmoja. Ana miaka 50 na zaidi, ana nyumba nzuri mjini, ndiye anayelipa karo za wapwa. Hajaoa. Mwaka hadi mwaka shangazi humuuliza, mbege ikiwa mkononi, lini atatuletea mke, na yeye hucheka na kusema mwakani. Kisha mazungumzo huhamia kwenye bei ya kahawa. Sijui siri ya mjomba wa mtu yeyote, na si haki yangu kuijua. Huenda hapendi tu kelele za ndoa. Ila najua kwamba upande wa pili wa mpaka, mwaka 2014, Binyavanga Wainaina aliandika insha akimwambia mama yake, aliyekwisha kufa, neno ambalo hakuweza kumwambia akiwa hai. Na kwamba miaka saba kabla ya hapo Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine kwa "Jambula Tree," barua ya msichana kwa msichana. Filamu ya Rafiki, iliyotokana na hadithi hiyo, ilifungiwa Kenya mwaka 2018, hadi Mahakama Kuu iliporuhusu ionyeshwe kwa siku saba. Siku saba! Watu wakapanga foleni Nairobi, na juma lililofuata nchi ilikuwa pale pale.

Wapo watakaouliza msimamo wangu, na mwaka huu nimechoka kukwepa. Sioni sababu ya Jamhuri kumfunga mtu miaka 30 kwa ajili ya mapenzi ya watu wazima wawili walioridhiana. Lakini ili ukubali ninayoyasema leo huhitaji kukubaliana nami katika hilo. Unaweza kuamini kwa moyo wako wote kwamba mapenzi hayo ni dhambi, na bado ukatambua kwamba mwalimu anayetoa alama bila kusoma amevunja ahadi ya kazi yake. Msahihishaji yule ni mcha Mungu kweli. Basi na aandike pembeni, kwa wino ule ule, ni wapi kijana amekosea. Angeandika kurasa tatu za kumpinga ningezitetea kikaoni, tofauti na nilivyofanya.

Kikao kitakaa tena Alhamisi. Nimeomba kwa maandishi kazi ile isahihishwe upya, nami nimeisahihisha ili pawe na kitu mezani. Nimempa alama 68. Nimempunguzia kwa utangulizi mrefu kuliko unavyostahili, kwa kurudia hoja ya utajiri mara nne, kwa kutolinganisha riwaya yake na hata moja ya Kiswahili wakati Shigongo na wenzake wamejaa magazetini, na kwa ukurasa wa tisa, alipoishika hoja yake bora kuliko zote kisha akaiachia katikati ya aya. Pembeni hapo nimeandika: "Endelea." Chini yake nimeweka jina langu kamili na tarehe.